Taa za Gari la Babu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiamini kwamba u mzima, na kwamba vumbi la hiyo barabara mnayoijenga limeacha kukukohoza. Huku nyumbani tuko salama. Mama anakusalimu, na cherehani yake inakusalimu, maana hawatengani. Baba mdogo naye anakusalimu, ingawa anasalimu akiwa amelala chali. Nitakueleza kwa nini.

Najua simu ingefika haraka zaidi, lakini unanifahamu, kwenye simu maneno hunikwama. Na haya ya safari hii sitaki yanikwame. Yanahusu gari la babu.

Uliposema kwamba likikataliwa tena kwenye ukaguzi kwa sababu ya taa, mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue mwisho wa mwezi, mama alijibu sawa, na simu ikakatika. Hukuuona uso wake. Baba, lile gari ndilo kitu pekee alichoachiwa na marehemu baba yake. Mnunuzi alikuja hata kabla ya kuitwa. Akalizunguka akiligongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akamshauri mama asijisumbue kuliosha, maana maiti hapakwi wanja. Mama akamjibu kwamba huyu hajafa, amefumba macho tu.

Basi tukafungua boneti. Usikasirike, lakini nyaya ulizozibadilisha mwenyewe zote ni nyeusi, na kila zilipokutana ulizisokota ukazizungushia utepe. Ndiyo maana ukipiga honi, taa ya nyuma ilikuwa inakonyeza. Niliazima kitabu cha umeme wa magari maktaba ya shule nikaanza kuchora njia ya kila waya. Mama hakusubiri mchoro wangu. Alileta mfuko wake wa vipande vya vitambaa, akawa anaufungia kila waya kilemba chake: chekundu cha taa kubwa, cha kijani cha indiketa, cha maua cha breki. Tulipokunja zulia ili tuufuate waya wa nyuma, nikaona kwamba upande wa abiria, pale mama anapoweka mguu wa kulia, limelika mpaka limetoboka. Nikamuuliza. Akasema ni panya.

Kilichotutesa ni konekta. Za gari hili ni vichwa vya shaba vyenye umbo la risasi, vidogo kuliko punje ya hindi, vinavyosukumwa ndani ya kijibomba kilichovikwa mpira. Zote zilikuwa zimeoza. Kwenye duka la vipuri la kwanza, kijana wa kaunta aliitazama ile ya mfano, akawaita wenzake waje kuiona, akatuelekeza jumba la makumbusho. Kwingine walitupa za kisasa, bapa, wakaapa kwamba zinaingia gari lolote. Hazikuingia. Halafu tukapata za mviringo nikashangilia, lakini mama akaisukuma moja mahali pake, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha. Alisema inacheza, na kifungo kinachocheza kwenye tundu hufunguka siku ya harusi.

Mimi muda wote huo nilibeba mfuko na kutazama viatu vyangu. Nilikuwa nimesoma katika kile kitabu kwamba matrekta ya enzi hizo yalitumia konekta kama hizo, ila nikaona haya kusema mbele za watu. Niliposema hatimaye, tukiwa jikoni, mama aliacha sufuria ikitokota akaniuliza kwa nini maneno nayaweka kama akiba ya uzeeni.

Fundi wa matrekta tulimkuta, na kopo lake lilijaa konekta. Akakataa katakata kuuza. Alisema hizo zikiisha, matrekta yake yatakuwa vitanda vya kuku. Mama hakumbembeleza. Alitazama kiti cha trekta lake, sponji yote nje, akamuuliza anawezaje kukalia chuma kile kutwa. Fundi akasema anakalia imani. Mama akavuta futi shingoni, akakipima kiti bila kuomba ruhusa, na tuliporudi tulikuwa na foronya ya turubai iliyoshonwa mishono miwili miwili. Fundi akakaa. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto. Kisha akalisukuma kopo na kumwambia mama, “Dada yangu, chagua upesi kabla akili hazijanirudia.”

Jioni tuliyomaliza kuzifunga, taa zote ziliwaka. Ukuta wa jirani ukawa mweupe, mwenyewe akatoka kuuliza nani anahama. Mama aliweka kiganja juu ya kioo cha taa.

Baba mdogo ndiye aliyeahidi kulipeleka kwenye ukaguzi. Asubuhi yenyewe akainua betri, mgongo ukamkamata, hadi leo yuko kitandani. Mnunuzi alikuwa ameshafika getini. Akacheka, akasema gari lisilo na dereva ni banda tu. Mama akamsikiliza, akavua aproni, akaikunja, akaniambia nipande.

Baba, aliyeendesha ni mama.

Ile gia ya pili unayosema inataka mkono wa mwanamume iliingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Mkaguzi alipotaka leseni, mama aliitoa mkobani, katikati ya vifungo na chaki za kushonea. Haijawahi kupitwa na muda. Taa zilikaguliwa moja baada ya moja, na tukapita.

Njiani nilimuuliza. Akaniambia babu ndiye aliyemfundisha, kwa gari hilihili, kabla hujamwoa. Siku ya kwanza ulipomtembeza ulimweleza gia kwa furaha kubwa hata akaona si vyema kukukatiza. Akasema atakuambia kesho. Kesho ikazaa kesho. Kwa hiyo hawakuwa panya, baba. Ni mguu wake, uliokuwa ukikanyaga breki pamoja nawe safari zote, na mara nyingine, anasema, kabla yako.

Amenituma niandike mimi kwa sababu yeye atashindwa kujizuia kucheka. Lakini alipokuwa akinituma hakuwa akicheka. Anaogopa utaona alikudanganya. Mimi naona alikupenda. Nakuomba usiliuze, na usimkasirikie.

Wasalimie wenzako wote kambini, na ujifunike vizuri wakati wa baridi. Ukipata likizo tutakuja kukupokea stendi, taa zikiwa zinawaka hata kama ni mchana. Ukifika usikimbilie usukani. Mama ameshalishonea zulia kiraka cha turubai upande wa abiria. Anasema sasa ni zamu ya mguu wako.

Ni mimi mwanao,
yuleyule unayemwita Kimya.