Sauti Yako Ilinipigia Simu

Kitindamimba wangu,

Hapa dukani kazi ya kuchapa na kutoa kopi inaenda, ila printa imeota kiburi: inameza karatasi mbili, inatoa moja. Goti langu bado linalia nikipanda ngazi.

Jumanne ulinipigia simu, au tuseme sauti yako ilinipigia. Namba ngeni, lakini sauti yako kabisa, mpaka kile kicheko cha puani. Ikasema simu yako imeibwa, niisomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu. Fundi wetu wa kompyuta anasema siku hizi matapeli wana programu ya kuiga sauti ya mtu, wakishapata video yake mtandaoni.

Usihofu, sikusoma hata moja. Nilimshtukia mapema, maana alianza kwa kuuliza, "Mama, goti linaendeleaje?" Wewe hujaniuliza tangu uondoke.

Lakini sikukata. Nilimsimulia goti, nikamsimulia printa, hata ukuta dada yako alioupaka kijani. Tapeli wa watu akawa anaitikia "ehe, mama," karibu nusu saa, mpaka akachoka yeye.

Akipiga tena sipokei, nimeapa. Basi nipigie wewe, kabla sijavunja kiapo.

Mama yako, mwenye goti