Hutasumbuliwa na Mtu

4 Februari

Binti yangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Nasema "zetu" kwa mazoea tu, maana niko peke yangu na mashine ya kufulia. Mimi sijambo, ukiondoa bega la kulia, ambalo limegoma tangu wiki iliyopita. Wewe hujambo? Bado wanakupanga zamu ya alfajiri hapo uwanja wa ndege? Unakula lakini?

Naandika kwenye karatasi, kisha napiga picha na kukutumia kama ulivyonifundisha. Najua ungependa nikupigie, lakini simu hii siku hizi ni ya wageni. Ikilia moyo unaruka, najua ni mtu anaulizia taulo.

Wageni waliopanga nyumba yetu ya juu kushoto waliondoka jana, wakaondoka na ufunguo. Nikawafuata mbio na ndala zangu mpaka kituo cha basi. Waliponiona wakaanza kunipungia mkono, wakidhani nimekuja kuwaaga. Wale wa juu kulia wameuliza kama jogoo wa jirani anaweza kuhamishwa kwa muda. Nikawaambia nitamfikishia ujumbe.

Asubuhi nzima nimepigana na shuka za lastiki. Ukivuta pembe hii, ile inachomoka. Vitanda vyote humu nimevitengeneza mimi kwa mikono yangu, na sasa vinanilipizia kisasi.

Sasa nisikilize, Meneja. Shangazi yako amepasuliwa goti, nataka niende nikamuuguze mpaka aweze kutembea mwenyewe. Nikirudi, naomba tufunge kidogo zile nyumba mbili za juu. Nimechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Nataka kukaa hapa chini, kwenye kiti changu, bila kutega sikio kwenye ngazi kujua nani anapanda na nani anashuka. Wewe kazi yako ni kuwajibu kwenye simu ukiwa huko, husikii zinavyolia hizi ngazi.

Ni mimi,
Baba yako

9 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwenye basi kwa habari za jogoo, mpaka abiria mwenzangu akasogea. Mimi mzima, baridi tu. Pole sana na bega, ulipake dawa na uache kubeba magodoro. Mpe shangazi pole zangu, mwambie nitampigia.

Nenda Baba, usiwe na wasiwasi. Nimeongea na yule mama anayefua nguo mtaa wa nyuma, atashika zile za juu mpaka utakaporudi.

Kuhusu kufunga, naomba tuvumilie kidogo. Tukifunga tunashuka mpaka chini kabisa ya ile orodha ya mtandaoni wanakochagulia wageni, huko ambako hakuna mtu anayetazama, na kupanda tena ni kazi. Unajua ninachokitaka. Kila siku nasimama kwenye kaunta napima mizigo ya watu wanaokwenda kwao. Nawatakia safari njema, kisha narudi kwenye chumba changu. Nyumba hizi zikisimama sawasawa, na mimi nitarudi moja kwa moja, tukae wote.

Sasa usikasirike na hili. Kwa kuwa nyumba yako ya chini itakuwa tupu, je, tuifungulie wageni kwa kipindi hicho tu? Siku unayorudi naifunga, naapa. Ujumbe wa kuwakaribisha nimeshauandika, usome uniambie:

"Mgeni wetu mpendwa, karibu. Ufunguo uko ndani ya kisanduku cha namba kando ya mlango. Ingia, jisikie uko kwako. Kila unachohitaji kipo. Hutasumbuliwa na mtu."

Hiyo ya mwisho ndiyo wanayoipenda kuliko zote.

Mwanao

14 Februari

Meneja wangu,

Marahaba, na mshukuru Mungu kwa uzima. Bega limepata nafuu ya kinafiki, mchana linatulia, nikilala linakumbuka.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeandika vizuri. Ila huyo "mtu" ambaye hatawasumbua, kwa hesabu zangu, ni mimi.

Haya, fungua. Nakubali kwa shingo upande, na nakwambia hivyo ili usije ukasema nilifurahi. Nimetoa picha zote ukutani nikaziweka kabatini pamoja na nguo zangu, nikafunga. Kikombe cha marehemu mama yako nimekiviringisha kwenye sweta. Kisanduku nimekifunga mlangoni kwa skrubu nne, kimekaa imara. Mlango sasa umefanana na ile ya juu.

Nilipomaliza nikasimama katikati ya sebule. Pamekuwa pazuri, na hapajulikani ni pa nani. Nikachukua begi nikaondoka haraka kabla sijabadili mawazo.

Natarajia kurudi tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Iandike mahali. Usikitegemee kichwa chako, nakijua.

Baba yako

17 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Nimerudi salama. Shangazi yako anatembea na fimbo na anagombeza watu, kwa hiyo amepona. Nyumba ziko sawa. Wageni wako sawa. Usijali.

Baba

26 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo hata sijui nianzie wapi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, nikadhani ni uchovu wa safari. Leo nikiwa kazini simu ikalia. Alikuwa mama mmoja, mgeni aliyekaa kwetu na mumewe na mama mkwe wake, wameondoka asubuhi. Alitaka kunishukuru. Akasema wamekuachia shati mezani, lipya kabisa, kwa kuwa hawakukuona asubuhi wakiondoka. "Yule mzee mlinzi wenu," akasema, "anayelala chumba cha kufulia."

Nikamwambia sisi hatuna mlinzi.

"Yule aliyetutengenezea kiti," akasema. "Hana ncha ya kidole cha shahada."

Baba, nilikitambua kidole chako, nikamwacha abiria na sanduku lake kwenye mizani. Nikafungua kalenda. Nyumba yako ilikuwa wazi. Wale watu waliingia tarehe kumi na nne. Nilikuahidi nitaifunga, na tarehe uliniandikia, na siku niliyoisoma nilikuwa nafanya zamu ya mwenzangu juu ya yangu, nikasema nitafunga nikifika nyumbani. Sikufunga.

Yule mama alikusifu mno. Alisema una adabu sana, kwamba kila ukija kuchukua dawa zako kwenye kabati la jikoni unabisha hodi kwanza, na unangoja uitikiwe. Alisema, "Wazee wa namna hiyo hawapo tena." Nikamjibu asante.

Kwa nini hukuniambia? Ungenipigia ningewahamisha hata kama ni kuwalipia pengine. Ulilala wapi kule ndani, juu ya nini? Na bega lile? Nisamehe, Baba. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Nimekupigia, hupokei. Mama wa nguo ameniambia uko mzima, ametoka kukuona ukianika mashuka, na kwamba ulimwambia huna la kusema. Nakubali unikasirikie. Ila nikasirikie kwa maneno, maana hii ya kimya siiwezi.

Nyumba yako nimeifunga siku ile ile. Sikufunga tarehe tu, nimeitoa kabisa. Mtu akiitafuta haioni.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilikuwa na hasira, na hasira haiandikiki vizuri, kwa hiyo nikaanika mashuka.

Umeuliza, nami nakujibu. Siku ile nilifika na begi mkononi, mchana, jua limewaka. Nikatia ufunguo wangu, ukazunguka, lakini mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikasikia hatua. Akafungua mwanamke, amevaa zile ndala za mama yako nilizosahau kuzificha. Akaniangalia kwa wema kabisa, akauliza, "Tukusaidie, mzee?"

Nilifungua mdomo niseme hii ni nyumba yangu. Nyuma yake nikaona meza imeandaliwa, bibi mzee amekaa kwenye kiti changu na miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Nikawaza: nikisema neno hapa, hawa watakusanya vitu vyao wakiwa na aibu, wataandika mabaya, na mwanangu atashuka mpaka huko chini ambako hakuna mtu anayetazama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi ndiye mlinzi. Nilikuwa safarini."

Basi. Ukishajiita mlinzi, utakwenda wapi? Nikaenda chumba cha kufulia. Nilitandika mablanketi ya wageni chini, kati ya mashine na ukuta. Tena yale mazuri uliyoyanunua wewe, sikujinyima.

Walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililoniuma. Wangekuwa wabaya ningepata wa kumchukia pale pale. Waliniletea chai mlangoni. Kikombe kilikuwa changu. Bibi mzee alilalamika kwamba kiti kinacheza mguu, nikakikaza. Mama yako aliniomba nikikaze kiti kile mpaka akachoka kuniomba, na mimi seremala mzima nikawa nasema kesho. Nimekikaza kwa ajili ya mgeni, akanipigia makofi. Nilirudi kule kwenye mashine nikakaa juu ya ndoo, nikalia. Sikuficha, maana mashine ilikuwa inazunguka na hakuna ambaye angesikia.

Hodi nilibisha kwa kuwa ndivyo anavyofanya mlinzi. Siku ya kwanza ilikuwa maigizo. Siku ya tatu nilibisha bila kufikiri, na hapo ndipo nilipokukasirikia wewe kweli kweli. Niliona kwamba naanza kuzoea.

Usiniombe msamaha tena, nimeusikia. Kusahau kila mtu anasahau. Ila nataka unijibu jambo moja, na usinijibu kama Meneja. Hii nyumba ni ya nani wakati wewe hupo?

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako stoo, kazini, nimejifungia. Nimelia na mimi, na huku hakuna mashine ya kunifichia sauti.

Nyumba ni yako. Nikiwepo ni yako, nisipokuwepo ni yako. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiiangalia kwenye simu, picha zilezile, mito imepangwa, mapazia yamefunguliwa, na kwenye hizo picha wewe hupo, kwa sababu niliyekuambia usogee usitokee pichani ni mimi. Nilikuwa naitunza ili nipate pa kurudi, nikamsahau yule ninayerudi kwake.

Nimefanya hivi. Ya juu kulia itaendelea, na mama wa nguo ataisimamia yote, taulo, funguo na jogoo. Wageni watampigia yeye. Simu yako inarudi kuwa yako, akipiga mtu ujue ni mimi au shangazi. Tukishuka kwenye orodha, tutashuka.

Ya juu kushoto nimeifunga kuanzia tarehe tatu mwezi wa tano, kwa mgeni mmoja. Mgeni ni mimi, Baba. Nimepewa likizo yangu yote niliyokuwa nikiilimbikiza. Sitaki kukuingilia huko chini baada ya yaliyotokea. Niachie ufunguo kwenye kisanduku, nitapanda mwenyewe, nitatandika mwenyewe. Utakapopenda kuniona, nitashuka.

Mwanao

28 Aprili

Mgeni wetu mpendwa,

Hujambo, na bega langu linakusalimu. Ombi lako limepokelewa na kujadiliwa na uongozi, yaani mimi na kiti changu. Tunasikitika kukujulisha kwamba nyumba ya juu kushoto haipokei watu wa familia.

Utalala chini, chumba chako cha zamani. Nimetoa makopo ya rangi yaliyokuwemo. Shuka ya lastiki nimeitandika mwenyewe. Pembe ya ukutani itachomoka, usishtuke, irudishie. Picha zimerudi ukutani, yako ya meno mawili iko pale pale ulipokuwa huitaki. Kikombe cha mama yako kipo, utakitumia wewe. Shati nililoachiwa nimelivaa leo, linanikaa vizuri, nimeona nisiligomee kwa kosa lisilo lake.

Mlango hutausahau, ila nikuonye. Kisanduku cha funguo nimeking'oa. Kimeacha matundu manne kwenye mbao, na sijayaziba.

Kwa hiyo ukifika usitafute ufunguo. Gonga. Nisipoitikia mara ya kwanza gonga tena kwa nguvu, nitakuwa jikoni nachemsha maji. Ila hodi moja tu inatosha kwa safari yote, baada ya hapo pita kama ulivyokuwa ukipita.

Kila unachohitaji hakipo, tutakwenda kununua pamoja.

Utasumbuliwa na mtu.

Baba yako