Maji ya Shamba la Grace

Tindiga, Kilosa
Jumanne

Kaka Ulimboka,

Shikamoo. Wifi na watoto wa huko Mikumi hawajambo? Mgongo wako je, umetulia? Sisi tupo, ila tumechoka. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimemkabidhi kondakta wa basi barua hii. Usimpe hela ya soda, nimeshampa.

Mama mkubwa Hildegarda anakusalimu. Bado anakohoa, lakini ulimi mzima kabisa. Jana ameusema ugali wangu mpaka nikacheka. Nyumba yake haiulizii tena. Tangu wale wa kikundi cha maombi waichome, wakidai ameleta mafuriko kwa uchawi, naona ameamua kwamba chumba changu cha uani ndicho kwake.

Siku ile ulilia sana. Ukasema hakuna Mungu, na watu wakiacha kumwamini watakosa kisingizio cha kuumizana. Mimi nasali, unajua, lakini sikukubishia. Ulipochaguliwa mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji ya hapa kwetu nilifurahi, nikajua tumepata mtu wa haki.

Sasa umeamuru wote wanaosali kwenye kile kikundi wasipewe zamu ya maji. Umeiambia kamati kwamba hii siyo adhabu, ni dawa ya ujinga. Lazaro, mwenzao wa kikundi, siku ya moto alikuwa amelazwa hospitali Kilosa mjini, naye kafungiwa maji. Grace, sikatai, alikuwepo na aliimba nao nyumba ikiungua. Lakini ni mjane, ana watoto wadogo, na mpunga wake ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Alipokuja kukuomba, ukamwambia akamwombe Mungu wake amteremshie mvua. Watu wakacheka, kaka. Nilisimama pale nikaogopa, maana walicheka kwa raha ileile waliyoimba nayo wale wengine.

Wiki iliyopita shamba la Grace limekutwa na maji. Nasikia Ijumaa unakuja kuongoza kikao cha kumnyang'anya shamba kwa wizi.

Grace hajaiba. Mlango wa maji nimeufungua mimi, mchana watu wakiwa wanakula, kwa ufunguo ulioniachia. Na aliyenituma ni mama mkubwa. Nilimkatalia, nikamkumbusha nani alikuwa anaimba nyumba yake ikiungua. Akasema anajua, sauti ya Grace bado anaisikia akilala, lakini wale watoto hawakuimba. Kisha akavaa kandambili zake akanifuata hadi mferejini, anahema njia nzima, ahakikishe kweli nimefungua.

Mimi nimechoka kuogopa watu wenye uhakika, kaka, na sikutegemea kama ningekuogopa wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto wape salamu za shangazi yao. Ijumaa tutakuja kikaoni sisi wawili, ukimtaka mwizi tutakuwepo. Mama mkubwa anaomba umtafutie kiti chenye egemeo, kwa ajili ya kifua chake.

Ni mimi mdogo wako,
Tumwagile