Kile Kidirisha Unachokiogopa

Hapana, Kulwa, usiuze hiyo kompyuta. Marahaba kwanza. Bibi yako mzima, anakusalimia, na ng'ombe wetu mwekundu kazaa dume.

Sasa mjukuu wangu umenichosha. Programu ya duka unayojifunza kuitengeneza inafunguka halafu inakufa. Kikija kidirisha chenye maandishi ya kosa, unakifunga mbio eti kinakutisha. Kisha unaniuliza mimi, niliyeishia darasa la nne, kama kichwa chako ni kizito.

Ujanani nilikuwa nasaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Mwakitolyo, kwa karasha, ile mashine ya kuvunjia mawe, na rafiki yangu Masanja. Siku moja mashine ikaanza kulia. Masanja akaongeza sauti ya redio. Mashine ikazidi, na yeye akazidisha. Mwenye mashine akaja akaizima redio.

"We ngosha, mwanaume mzima, mashine inakwambia inapoumia, wewe unaipigia muziki?"

Akatega sikio, akakaza nati moja, tukaendelea kusaga.

Basi tukubaliane. Kidirisha kikija, usikifunge. Nipigie, unisomee chote, halafu unieleze kwa Kiswahili mpaka mbumbumbu mimi nielewe. Vocha juu yangu. Programu ikigoma mpaka Pasaka, uza tu hiyo kompyuta, na dalali nitakuwa mimi.