Ugali Uliotupikia, Baba

Baba,

Mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike, na bado nikisikia mtu akikohoa nje naweka kalamu chini. Mama amerudi shambani. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mimi bado nafundisha Kiingereza, ile kazi uliyosema ni ya kuongea bila kutoka jasho.

Kuna neno limenikwama kooni.

Unaikumbuka ile insha? Nilikuwa kidato cha pili, shule ya harambee, ile mliyoijenga kwa michango. Tulisoma hadithi fupi, kisha mwalimu Mzungu akatuambia tuandike za kwetu, za kweli. Mimi nikaandika nimeua simba. Akanirudishia: "Hapa Nyamache kuna simba?" Darasa zima likacheka. Basi kwa hasira nikaandika ukweli: kwamba Mama alipolazwa hospitali ya Kisii, sisi wavulana watatu tukiwa wadogo, wewe, mzee mzima wa Kigusii, uliingia jikoni ukatupikia ugali wa wimbi. Mwalimu akaisoma mbele ya wote. Lo! Kufikia siku ya soko, Nyamache nzima ilikuwa inakucheka, mwanamume wa kushika mwiko. Nilitamani ardhi inimeze.

Ukaniita. Nikajua ni fimbo tu. Ukasema, "Nisomee hayo maneno." Nikakusomea kwa lugha yetu, Ekegusii. Nilipomaliza ukasema: "Umedanganya. Ule ugali uliungua. Andika uliungua." Ukacheka mpaka machozi. Asante, Baba. Kuandika nilifundishwa siku hiyo, na wewe usiyejua hata a.

Lakini siku ya mazishi nilisoma wasifu wako nikataja ng'ombe, kanisa, kesi za mashamba ulizoamua. Jiko nikaliruka. Niliwaogopa wale wazee waliokaa mbele. Nisamehe, Baba, nilikuonea haya.

Wiki jana mke wangu alijifungua mvulana. Tumempa jina lako. Mama alitaka kuja kutupikia, nikamwambia apumzike. Leo asubuhi nimekoroga uji mwenyewe, mlango wazi, watu wakipita kwenda mtoni. Jirani mmoja akasimama akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia hapana, nilimwona baba yangu akifanya hivi.

Lala salama, Baba. Huyu mdogo nitampikia watu wakiona. Na siku akiandika habari zangu, nakuahidi, nitakaa chini nimsikilize mpaka mwisho.

Mwanao.