Kibao Chembamba Kwenye Rafu ya Santuri

Nyumbani kwa kaka yako,
chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, nimekula, nimelala vya kutosha, na bado sijajifunza kunyamaza. Wewe je, u hali gani? Lile goti lako linalotabiri mvua limepoa, au bado majirani wanakuja kukuuliza kama waanike nguo? Na mzee wako, kikohozi kimemwachia? Baridi ya huko naisikia kwenye barua zako, maana mwandiko wako siku hizi unatetemeka kidogo. Nakuomba uvae soksi.

Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia, anakusalimu sana. Baba naye ni mzima wa mwili na ulimi, ila macho. Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa bado anasoma vichwa vya habari gazetini na kubishana navyo. Sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Ndevu ananyolewa na Mama, kikombe anawekewa mkononi, viatu nampangia mimi.

Kitu kimoja tu kimebaki anachokifanya peke yake bila mtu kumshika kiwiko, nacho ni santuri zake. Saa kumi na moja jioni anainuka kitini. Hatua sita mpaka kwenye rafu. Mkono unapapasa, unaikuta santuri ya jana aliyoiacha imejitokeza kidogo, unairudisha ndani, unachomoa inayofuata. Santuri tatu kila siku, kwa mpangilio uleule, na siku zote anaendelea pale alipoishia. Sindano anaishusha bila kuikwaruza santuri hata mara moja. Mama anasema huo ndio wakati pekee wa siku anapomwona mumewe mzima. Nakueleza haya mapema ili nikifika kwenye kosa langu ujue lina uzito gani.

Rafu yake unaikumbuka, ile ya vichumba vinne. Shangazi, rafu ilikuwa imechoka. Mbao ya chini ilibonyea katikati kama kitanda cha kamba, na mwezi wa kwanza skrubu moja ikafyatuka, ikamkosa paka kidogo tu. Nikasema hapa tusingoje santuri zishuke zote.

Basi nikashikwa na udadisi wangu ule unaoujua. Hivi santuri zina uzito gani? Hakuna aliyejua. Nikabeba kumi mpaka kazini, na wakati wa chakula cha mchana nikaziweka kwenye mizani ya vifurushi pale kaunta yangu ya posta. Kilo mbili na gramu mia sita. Sasa fanya hesabu: Baba ana santuri mia nne na kumi na mbili. Zinapita kilo mia moja na saba! Yaani miaka yote hiyo ile rafu ilikuwa imebeba mwanamume mnene, usiku na mchana, bila hata likizo, na sisi tunaifuta vumbi tu.

Nikaanza kuzunguka madukani. Duka la kwanza la fanicha walikuwa na rafu nzuri kwa macho, bei ya kuvutia, za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Muuzaji akazisifu mpaka akaishiwa pumzi. Nikainama nikapitisha kidole chini ya mbao ya katikati. Ilikuwa imebeba maua ya plastiki, Shangazi, maua ya plastiki tu, na tayari ilikuwa imeanza kupinda. Nikamshukuru nikaondoka.

Jirani akanishauri kreti za soda. Nikapima: jalada la santuri linagoma kuingia kwa upana wa kidole kimoja. Nikaenda kuona rafu za chuma, zile za stoo. Hizo zingebeba injini ya lori, na bei yake si mbaya hata kidogo. Lakini kingo zake zinakata kama kifuniko cha kopo, na Baba siku hizi anaona kwa vidole. Tena pembeni ziko wazi, hazina kitu cha kuzishikilia santuri. Nimejifunza kwamba santuri inataka kusimama wima kama askari wa gwaride. Ukiiacha iegemee inapinda, na ikishapinda mwimbaji naye anaimba kama amelewa. Kwa hiyo lazima rafu iwe na vigawanyo vya karibu karibu, na mbao nene, na ishikwe ukutani kwa skrubu ndefu. Nilikuwa najua kila kitu, kasoro jambo moja.

Mwisho nikaangukia kwa seremala wa nyuma ya soko. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na huhitaji kuuliza kwa nini. Baba akasema haiwezekani rafu yake ichaguliwe na watu wenye macho peke yao, twende wote. Tukaenda. Alisimama katikati ya takataka za randa, akaomba apewe mbao moja moja. Anaigonga kwa vifundo vya vidole huku sikio kaliweka karibu, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Ya kwanza akaikataa, ina maji bado. Ya pili akaikataa. Kufikia ya tatu Fundi Kesho akaanza kukasirika. Ndipo Baba akapapasa kwenye kona akakuta milango ya zamani iliyong'olewa, mizito, yenye matundu ya misumari, ambayo hakuna mteja anayeitaka. Akagonga. Akatabasamu.

"Hii imeshamaliza kupinda," akasema.

Fundi Kesho akamtazama kwa heshima mpya, akatuuzia kwa bei ya kuondolea uchafu. Hivyo ndivyo tulivyopata mbao ngumu kuliko zote dukani kwa bei ndogo kuliko zote, na aliyechagua ni kipofu. Nilitembea naye kurudi nyumbani nimejaa majivuno.

Sasa kosa. Wakati tunasubiri, ilibidi niihamishe mizigo ili rafu ya zamani ing'olewe. Wewe unajua kazi yangu: kutwa nzima napanga vitu vya watu kwa herufi. Nikazitia santuri kwenye maboksi kwa majina ya waimbaji, A mpaka Z, nikaandika na vibandiko kwa wino mwekundu. Katikati ya kichumba cha tatu nikakuta kibao chembamba, ukubwa wa jalada, kimechomekwa kati ya santuri mbili. Nikadhani ni kipande kilichobaki tangu rafu ilipoundwa. Meza ya jikoni ilikuwa inayumba, nikakiweka chini ya mguu wake. Mama akanisifu.

Rafu mpya ikafika kwa kuchelewa siku mbili tu, jambo ambalo kwa Fundi Kesho ni kama kuwahi. Imenyooka, imesuguliwa msasa mpaka inateleza, haitikisiki hata ukiibebesha paka watatu. Nikazipanga santuri kwa herufi, nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa. Saa kumi na moja Baba akaja, hatua sita, akachomoa, akaweka. Badala ya gitaa la taratibu alilolitegemea, yakalipuka matarumbeta. Akainua sindano. Akajaribu nyingine: wimbo wa msiba. Ya tatu hata hakuisikiliza. Akaizima mashine, akarudi hatua zake sita, akakaa, akaweka mikono magotini.

Hakunigombeza, Shangazi. Afadhali angenigombeza. Kesho yake saa kumi na moja ikafika hakuinuka, na keshokutwa vilevile. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa nimempokonya baba yangu kitu chake cha mwisho, tena kwa bidii na kwa wino mwekundu.

Nikamuuliza mpangilio wake ulikuwaje. Akafikiri sana. "Sijui kwa kusema," akanijibu. "Mkono ndio uliokuwa unajua."

Mama akaniambia mpangilio huo mliuanza wewe na yeye kabla sijazaliwa, mkabishana juu yake kwa wiki nzima. Nilitaka kukuandikia siku ileile, ila barua kwenda na kurudi ni mwezi, na mimi subira sina. Nikaanza kuyachunguza majalada yenyewe. Unakumbuka mwaka ule paa lilipovuja? Maji yaliacha doa juu ya majalada ya kichumba cha kwanza, na doa lile linapungua kutoka jalada moja hadi jingine. Nikayapanga kwa doa, yakakubali! Yaliyokuwa upande wa dirisha nikayatambua kwa migongo iliyopauka na jua. Nilifurahi kama mtoto. Lakini kwa njia hiyo nilipata sitini tu, na zilizobaki zilikuwa kimya.

Jumamosi, siku nane zilizopita, nikaweka santuri yoyote tu ili nyumba isiwe na ukimya ule. Wimbo wa mwisho ukaisha, sindano ikawa inakwaruza mwishoni, nami nikawa naosha vyombo. Nikamsikia Baba anavumisha wimbo mwingine kabisa, midomo ameifumba, polepole, mwanzo wake tu. Mikono ikiwa na povu nikakimbilia kwenye rafu kuutafuta. Nikaukuta. Nilipouweka na ukaisha, Baba akavumisha mwanzo wa mwingine. Yeye mwenyewe hakujua kama anafanya hivyo. Miaka yote ya kuzisikiliza kwa mfuatano, sikio lake lilikuwa linaitangulia santuri inayofuata.

Nikamweleza kwa furaha, na hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu papo hapo akasahau. Ukimwomba hajui, ukimwacha anajua. Ikabidi kila siku nijifanye naosha vyombo. Sijawahi kuosha sufuria safi nyingi kama wiki hii. Mama anabadilisha santuri, anapiga wimbo wa mwisho tu wa kila moja, mimi natega sikio, Baba anavumisha. Kichumba kimoja, cha pili, cha nne.

Juzi tukabakiza cha tatu. Tulipofika katikati, wimbo ukaisha, Baba akavumisha kitu nisichokifahamu. Kinapanda taratibu, kinapanda, kisha kinasimama kama mtu anayengoja ajibiwe. Nikatafuta. Nikapitia santuri zote mia nne na kumi na mbili, haipo. Nikaacha kujifanya naosha vyombo, nikamuuliza iko wapi.

"Hiyo anayo shangazi yako," akasema. "Mahali pake pana kibao."

Nikaenda jikoni nikainama chini ya meza. Mbao ni ya kawaida kabisa, Shangazi, lakini ukingo wake wa mbele umekuwa laini kuliko msasa wa fundi yeyote, na umebonyea kidogo mahali kidole kinapopita. Mama ndipo akanieleza kwamba siku ulipoondoka kwenda kuolewa mliigombania santuri ile mpaka mlangoni, na Baba akakuachia, na jioni yake akakata kibao. Kumbe tangu utotoni nilipokuwa namwona Baba amesimama mbele ya rafu akivumisha peke yake, nikidhani anachagua, hakuwa anachagua chochote.

Nimekiosha, nimekirudisha. Jana saa kumi na moja nikamwambia zote ziko mahali pake. Baadaye akainuka, hatua sita, na akaomba safari hii aanzie katikati ya kichumba cha tatu. Santuri moja, ikawa yenyewe. Ya pili, yenyewe. Mkono ukafika kwenye kibao, ukakaa pale. Akauvumisha wimbo wako wote, mwanzo mpaka mwisho, ndipo akachomoa inayofuata. Mama alilia, mimi nililia, paka akatoka nje.

Usithubutu kuituma santuri hiyo kwa posta. Mimi nafanya kazi humo, nawajua wanaorusha vifurushi, mmoja wao ni mimi. Ukija, ipakate mwenyewe mapajani.

Wasalimie binamu zangu wote, hasa yule Mpiga Chafya, na umwambie vitabu vyake bado ninavyo. Mfikishie salamu mzee wako. Mungu akulinde, akupunguzie maumivu ya goti na akuzidishie siku, nyingi kiasi cha kutosha safari ndefu.

Nilimwambia Baba kwamba leo nakuandikia, nikamuuliza anataka nikupe salamu gani. Aliweka mkono mmoja juu ya rafu. Kisha akaniomba nikuulize jambo moja tu, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeogopa jibu. Basi nauliza, Shangazi: bado unayo?

Ni mimi nikupendaye bila kipimo,
mtoto wa kaka yako,
Kidomodomo