Tata, Gari la Ngoma Limefika

Tata,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa nalo muda mrefu, kwa sababu sijui marahaba yake itatoka wapi. Shuleni tumefundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, kisha unaeleza hali yako. La kwanza siwezi. La pili nalo si rahisi, maana siku hizi nikiulizwa hali yangu najibu "nzuri" na sijui kama nasema kweli.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe tulizungumza Kikurya tu. Kikurya sijawahi kukiandika, zaidi ya hili neno Tata, yaani baba. Utanivumilia.

Habari kubwa ni kwamba gari limenunuliwa. Ni lile lile ulilokuwa unalitaka: stesheni wagoni ya zamani, ya dizeli, ndefu nyuma. Rangi yake ni kijivu, ila mlango mmoja ni mweupe, nadhani ulitoka kwenye gari jingine. Wanakikundi wenzako wa ngoma waliuza wale ng'ombe uliokuwa umewatenga, na Baba Mdogo Chacha akaongoza safari ya kwenda Tarime mjini kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa analiuza. Ilikuwa likizo, nikachukuliwa na mimi, kwa kuwa bado ndimi ninayewaandikia mambo yao.

Ungecheka, Tata. Mzee Mwita alikataa kununua gari kwa macho. Alibeba ngoma kubwa, ile ile anayoipiga yeye, ikafungwa juu ya basi kutoka Kisaka hadi Tarime. Yule mstaafu alitoka nje na kikombe cha chai mkononi, akatutazama sisi, akaitazama ngoma, akasema, "Mmekuja kununua gari au kunichezea harusi? Mimi nimeshaoa, jamani." Mzee Mwita hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma, viti vikalazwa, ngoma ikasukumwa taratibu, ikaingia. Mlango ukafungika. Majirani walikuwa wameshajaa uani, wakapiga makofi. Mama Robi unamjua, mdomo wake wa kuimba haukai bure. Alipiga kigelegele palepale, ikabidi ngoma itolewe tena na wimbo mmoja upigwe. Baada ya wimbo ndipo Baba Mdogo alipokumbuka kwamba gari lina injini. Akafungua boneti, akachungulia kama mtu anayechungulia sufuria ya wakwe, akasema, "Iko sawa," akafunga.

Haiko sawa. Asubuhi kukiwa na baridi haiwaki. Fundi anasema vile vijiti vya kupashia injini moto vimekufa. Kwa hiyo tunaliegesha pale juu kwenye mteremko, na asubuhi tunalisukuma, Mama akiwa wa kwanza, kanga imefungwa kiunoni. Likishawaka linakohoa, linatoa moshi mweusi, halafu linaenda. Watu sita wazima walilikagua gari, na wote waliangalia nyuma tu.

Siku tunalileta nilikaa nyuma kando ya ngoma. Tulipokuwa tunavuka mto Mara maji yalikuwa mengi, mekundu, nikageuka haraka ili nikuonyeshe. Nilisahau. Sijui nilisahau kwa muda gani, labda kwa kupepesa jicho tu, lakini kwa muda huo ulikuwepo. Nilipokumbuka nililaza mkono juu ya ngozi ya ngoma mpaka tukafika nyumbani. Nilifikiri kwamba gari likija nitafurahi. Nilifurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa na tundu katikati.

Nilikumbuka pia siku ile tunatoka kwenye harusi Kemambo, mvua ikatukuta njiani na baiskeli. Ulivua koti lako ukaifunika ngoma, mimi na wewe tukalowa mpaka viatuni. Mama alipotuona aliuliza kama umeoa ngoma. Ukamjibu, "Mimi nikilowa nakauka. Hii ikilowa inanyamaza." Wiki hiyo nilikohoa sana, na wewe ukakohoa, na ngoma ikawa nzima.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Nimelizunguka kwa sababu naogopa kulieleza.

Wiki ya tatu tangu gari lije, alikuja mwanamume mmoja kutoka Nyambureti. Mama yake alikuwa amefariki hospitalini Mugumu, na tangu alfajiri alikuwa anatafuta gari la kumrudisha nyumbani. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Mama hakumuuliza maswali. Alikwenda chumbani, akatoka na ufunguo, akampa kijana wa jirani anayejua kuendesha.

Nikamwambia, "Mama, hilo ni gari la ngoma."

Hakunikaripia. Alisema, "Bhoke, baba yako alikaa mochwari mpaka jioni. Wewe ulikuwa kwenye benchi pamoja na mimi. Umesahau?"

Sijasahau, Tata. Wewe huijui siku hiyo, kwa hiyo nikusimulie. Tulikaa kwenye benchi la saruji nje ya mochwari. Baba Mdogo alikuwa anazunguka Mugumu nzima akiomba gari. Wengine walisema lina kazi, wengine walisema gari lao halibebi maiti, mmoja alizima simu. Jua lilitukuta upande huu wa ukuta likatuacha upande ule. Mwishowe likaja lori la mchanga. Mchanga ulikuwa bado umebaki pembeni, nao ulikuwa unaruka kila lilipopita kwenye shimo, na mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa jeneza lako kwa mkono. Napangusa, unarudi. Napangusa, unarudi. Mpaka nyumbani.

Kwa hiyo gari la ngoma lilikwenda kumchukua yule bibi wa Nyambureti. Jeneza lilizidi kidogo, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Liliporudi, Mama aliliosha kwa sabuni, ndani na nje.

Mzee Mwita aliposikia alikuja siku hiyo hiyo, akaichukua ngoma kubwa chumbani kwetu, akaondoka nayo kwa pikipiki. Alisema ngoma haiwezi kulala pale alipolala maiti. Mama Robi akamuuliza ni mwiko wa nani huo, mbona yeye hajawahi kuusikia. Mzee Mwita akasema, "Sijasema ni mwiko. Nimesema mikono yangu imekataa."

"Mikono yako?" Mama Robi akasema. "Hiyo ilikataa hata jembe, tunaijua."

Watu walicheka, yeye akaondoka. Lakini bila ngoma kubwa hakuna kikundi, hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Harusi moja tuliikosa. Baba Mdogo, ambaye sasa ndiye anayepiga nyuzi za litungu lako kwa vidole vizito, alianza kusema liuzwe tu hilo gari, kila mtu arudi kwenye baiskeli yake. Nilimsikia nikaona kila kitu ulichokijenga kinafumuka kama sweta.

Jumapili baada ya kanisa walikutana sebuleni kwetu. Maneno yakawa mengi, hadi Mzee Mwita aliponyoosha mkono akasema, "Bhoke asome. Mwenyewe alisema nini?"

Alikuwa anamaanisha lile daftari. Unakumbuka, ulikuwa huwezi tena kutembea mpaka getini, ukaniita niandike kila kitu kuhusu gari ili usije ukasahauliwa. Nililifungua mbele yao. Mwandiko ni wangu, maneno ni yako. Niliona tangu mbali pale yanapoelekea. "Gari liwe la ngoma na litungu. Lisibebe gunia, lisibebe mbuzi, lisibebe ndizi za mtu." Halafu mstari unaofuata: "Lisibebe kitu kingine chochote, hata aombe nani. Hata aombe nani." Ulisema mara mbili, na mimi niliandika mara mbili.

Tata, nilitaka kuishia kwenye ndizi. Hakuna ambaye angejua. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Yeye hajui kusoma vizuri, lakini nadhani aliijua hiyo sentensi kwa sababu alikuwepo jikoni ukinitamkia. Nilivuta pumzi, nikasoma yote. Mara zote mbili.

"Mmesikia," Mzee Mwita akasema. Mama akainuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni.

Hapo nikasema neno. Mimi, mtoto, mbele ya wazee, bila kuulizwa. Nilisema kwamba ulisema hivyo ulipokuwa hai. Hukukaa kwenye lile benchi. Sisi ndio tuliokaa. Kama ungekaa nasi ungesema vingine.

Baba Mdogo akanitazama. "Bhoke, unambishia baba yako?"

Nikasema, "Ndiyo."

Sijui sauti ilitoka wapi. Baada ya hapo nikalia kama mtoto wa chekechea, na mengine yote niliyokuwa nimeyapanga kichwani yakapotea. Hakuna aliyenigombeza. Hilo nalo lilinichanganya, afadhali wangenigombeza.

Mzee Mwita alilitazama daftari. Kisha akauliza, "Mlimleta kwa gari gani?"

"Lori la mchanga," nikamwambia.

"Mimi nilikuwa huku nachimba kaburi," akasema. "Sikujua kwamba mlikaa." Akachukua kofia yake, akasema atafikiri, akatoka. Mama Robi akasema mzee huyo akianza kufikiri misimu miwili ya mvua itapita, lakini hakulisema kwa nguvu.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipo. Sijui kama nimekutetea au nimekusaliti. Nikiwa darasani nasema nilifanya vizuri. Nikirudi nyumbani nikaona kiti chako najiuliza, Bhoke, nani aliyekutuma kumpinga mtu asiyeweza kujibu? Ulikuwa unapenda kunijibu. Ulikuwa unasema, "Haya, leta hoja yako, mwanafunzi," na mara nyingine ulikubali kushindwa, ukacheka. Sasa nimeleta hoja, na wewe umenyamaza, na mimi sijui kama nimeshinda au umekasirika. Naona ushindi wa namna hii hauna utamu wowote.

Jana alasiri Mzee Mwita alikuja. Hakuingia ndani. Alipanda moja kwa moja hadi pale kwenye mteremko, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akakaa mahali pa ngoma, miguu ikining'inia nje. Alikaa sana. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikajifanya simwoni. Baadaye aliniita akaomba kitambaa. Nikampa. Akapangusa sakafu ya gari, ambayo Mama ameshaiosha mara nne, akaipangusa mpaka pembeni kabisa. Akanirudishia kitambaa, akasema, "Jumamosi kuna harusi Nyambureti, siyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaondoka. Ngoma hakuileta. Sijui hiyo "haya" ilikuwa ya namna gani. Nimeijaribu kichwani kwa kila sauti.

Jumamosi asubuhi tutalisukuma gari, ngoma kubwa iwepo au isiwepo. Mama Robi amesema ataimba hata kwa kupigiwa debe. Nami nimefua sare ya kikundi, ile ya bluu, imepauka kidogo mabegani.

Tata, lala. Miguu yako ilikuwa inavimba, sasa haivimbi tena, hilo najiambia. Siwezi kukuahidi kwamba nitakutii katika kila jambo, maana nimeshavunja, na kuahidi uongo ulinikataza. Nakuahidi hili: kila watakaponiuliza ulisema nini, nitasoma yote, kila neno kama ulivyolitamka, hata pale nisipokubaliana na wewe. Kisha nitasema la kwangu, kwa jina langu, ili mtu asidhani ni wewe uliyesema. Na kama siku moja utapata namna ya kunijibu, nijibu kwa Kikurya. Nitaelewa.

Ni mimi binti yako,
Bhoke